Picha ya Tumbo la Mama Mkwe

Siku niliyoagwa kazini, vijana wa idara ya picha walininunulia saa ya ukutani. Mtu amestaafu, hana tena pa kuwahi, nao wanampa saa. Niliwashukuru, nikaitundika jikoni, na kila asubuhi inaniambia kwamba nimechelewa kufika mahali nisikotakiwa. Lakini kuliko saa, kilichonikaa kichwani ni swali la msichana mmoja wao, hodari sana, yule anayesogeza picha za CT kwa kidole kimoja huku kingine kikijibu simu. Aliniuliza, "Sasa Mama, kabla ya hii mashine, mgonjwa wa tumbo akiletwa mbio mbio, mlikuwa mnaona nini?"

Nilimwambia tulikuwa tunaona vivuli na kubishana juu yake. Akacheka, akadhani natania. Basi acha niandike kidogo, kwa ajili yake na wenzake. Vyeo nitaviacha, kwa sababu vilikuja vimechelewa, na mishahara nitaiacha, kwa sababu ninyi wenyewe mnaijua. Nitaandika kuhusu matumbo.

Nilianza kazi Kitale mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilifika nimevaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa linasimama lenyewe. Katika chumba cha eksirei nilimkuta Mzee Kibet, mwembamba, mpole wa sauti, amevaa gambuti, viatu vya mpira vya matopeni, ndani ya nyumba. Alinitazama kutoka kola hadi viatu.

"Umesoma?"

"Ndiyo, mzee."

"Vizuri sana. Chemsha chai."

Nilichemsha chai, lakini moyoni nilikuwa natunga barua ya malalamiko. Miaka yote ya chuo, halafu niwe mpishi! Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile chai ilikuwa kifaa cha kazi kama mashine yenyewe. Ukiletewa mgonjwa wa tumbo ambaye daktari anahofia utumbo umetoboka, unamkalisha wima kwanza, unangoja. Hewa iliyovuja kutoka kwenye utumbo inahitaji muda kupanda hadi juu kabisa, chini ya kiwambo, ule utando wa misuli unaotenganisha tumbo na kifua. Ukipiga picha upesi, hewa bado iko njiani na wewe utaandika kwamba haipo. Mzee Kibet hakuiamini saa ya idara, ambayo ilikuwa na tabia ya kusimama. Aliamini jiko. Mgonjwa akikalishwa, sufuria inatengwa. Chai ikichemka na kunywewa ikiwa moto, hewa imefika.

"Na mgonjwa, mzee, hapewi chai?" niliuliza siku ya kwanza.

"Mgonjwa hanywi kitu, huenda atapasuliwa. Yeye kazi yake ni kupandisha hewa. Sisi kazi yetu ni kunywa. Kila mtu na kazi yake."

Na gambuti? Filamu zetu zilioshwa kwa mkono ndani ya matangi, katika chumba cha giza. Daktari mwenye mgonjwa mahututi hawezi kungoja filamu ikauke, kwa hiyo tulizitoa zikiwa zinachuruzika na kuzisoma dirishani, kwenye mwanga wa jua. Maji yalitiririka hadi kwenye viatu. Viatu vyangu vya chuo viliishi wiki mbili.

Picha yangu ya kwanza ya tumbo ilikuwa ya mpakiaji wa magunia ya mahindi. Niliitoa kwenye maji, nikaiinua dirishani, nikaona chini kabisa, katikati ya nyonga, safu mbili za meno madogo meupe yaliyopangwa vizuri. Nilikimbia nayo. "Mzee! Mgonjwa amemeza kitu chenye meno!"

Mzee Kibet aliitazama kwa heshima zote, akaishusha, akanirudishia. "Amemeza suruali," alisema.

Ilikuwa zipu. Tangu siku hiyo hadi nilipohama Kitale, kila nilipoingia wodini kuuliza habari za mgonjwa, masista waliniuliza kwanza kama suruali imeshatoka. Nawaambia haya ili ukifanya kosa lako la kwanza usikimbilie kuacha kazi. Wavueni wagonjwa nguo, basi.

Somo alilonipa ni hili, na sijapata bora. Picha ya tumbo, alisema, ina rangi chache. Mfupa mweupe, nyama kijivu, mafuta kijivu cheusi kidogo, hewa nyeusi. Usihangaike na vyote. Ifuate hewa. Iulize maswali ya askari wa kizuizi cha barabarani: uko wapi, mko wangapi, na una ruhusa ya kuwa hapo? Hewa ndani ya tumbo la chakula ina ruhusa, ni ya soda na maneno mengi. Hewa ndani ya utumbo mpana ina ruhusa, ingawa ikijaa kupita kiasi kuna jambo. Hewa kwenye utumbo mwembamba ikijipanga kwa ngazi ngazi, juu ya maji, njia imeziba mahali. Na hewa iliyo nje ya utumbo, juu ya ini, haina ruhusa kabisa, hata kidogo. "Ini halinywi soda," alisema Mzee Kibet. Hiyo tu. Nimeona vitabu vyenye kurasa nyingi visivyosema zaidi ya hapo.

Wakati mwingine tumbo lenyewe lilisema kwa kelele. Aliletwa mkulima kutoka kwenye miteremko ya Elgon, tumbo limevimba kama ngoma, hajatoa hewa tangu juzi. Picha yake ilijaa umbo moja kubwa jeusi, la mviringo, lenye mstari katikati, kama punje ya kahawa. Ni utumbo mpana uliojisokota kwenye shina lake. Kule kwetu magharibi tuliwaona wengi. Mzee Kibet alimwuliza, "Baba, unalima nini?" Akajibu kwa shida kwamba analima kahawa. "Basi umeficha nyingine hapa," akamwonyesha filamu. Yule mkulima, jasho linamtoka, akaitazama na kuuliza, "Hiyo watasema ni gredi gani?" Alipasuliwa mchana uleule na akarudi kwenye mashamba yake. Nyinyi mnaona msokoto uleule kwenye CT, mishipa imezungukana kama maji yanayoingia shimoni, mnafurahi na kuitana. Sisi tulikuwa na punje ya kahawa, nayo ilitosha.

Taa yetu ya kusomea filamu ilikuwa kazi ya Bwana Jaswant, Kalasinga mwenye karakana ya kuchomelea mabomba mjini. Ile ya serikali iliungua, mpya ikawa inakuja kila mwaka bila kufika. Bwana Jaswant alitutengenezea sanduku la bati lenye kioo cheupe kama maziwa na mrija wa taa ndani. Lilitoa mwanga mzuri ajabu, na pia lilipiga shoti. Tulipomlalamikia alikuja, akaligusa, akaruka, akasema, "Hii iko sawa. Wewe guse na heshima tu, mama." Tuliiwasha kwa mwiko wa ugali kwa miaka yote niliyokaa pale.

Kitu kimoja zaidi kutoka Kitale, maana kitahitajika mbele. Si kila mgonjwa anaweza kukaa wima. Mwingine ukimkalisha anazimia. Huyo, alinifundisha Mzee Kibet, mlaze kwa ubavu wa kushoto, umsimamishie kaseti ya filamu mgongoni, upige mionzi kwa mlalo kutoka mbele. Kwa nini kushoto? Kwa sababu ini liko kulia. Akilala kushoto, kulia kunakuwa juu, na hewa iliyotoroka itapanda ikae kati ya ini na mbavu, mahali ambapo hakuna hewa nyingine ya kukuchanganya. Ukimlaza kulia, itakaa karibu na hewa halali ya tumbo la chakula, na utabishana na daktari hadi jioni. Na hata hapo, usisahau chai.

Nilihamishiwa Bungoma miaka ya themanini ikielekea mwisho. Huko chumba cha giza kilikuwa na mwenyewe, jina lake Wanyonyi, mtu wa Bumula, mkubwa wa umbo hadi mlango ulimtosha kwa ubavu. Kazi yake ilikuwa kuosha filamu, na pia kuvaa aproni nzito ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, na kuwashika wagonjwa wasioweza kujishika, ili mimi nibaki kwenye swichi. Aliiongelesha dawa ya kuoshea kama mtu anayekamua ng'ombe. Ikiwa mpya, alisema imeamka vizuri. Ikichoka mwisho wa mwezi, na shehena mpya haijaja, alisema leo ina hasira, tuipe pole pole. Dawa iliyochoka haifuati saa. Inabidi uinue filamu chini ya taa nyekundu, uitazame, uirudishe, uitazame tena, na uitoe palepale weusi unapokolea. Ukiwahi, hewa haijawa nyeusi. Ukichelewa, ukungu unafunika kila kitu. Wanyonyi alijua ile sekunde. Mimi pia niliweza kuosha filamu, na kwa dawa mpya ungedhani ni za Wanyonyi. Kwa dawa ya mwisho wa mwezi, zangu zilitoka kama moshi wa jikoni, naye alizitundika akiguna, "Madam leo amepika."

Sasa lazima niwaeleze jambo ambalo wenyeji wa Bungoma wanalijua na wageni hulicheka. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawasalimiani kwa mkono, hawali pamoja, hawatajani majina, na wakikutana kwenye njia nyembamba mmoja hutoka njiani. Siyo chuki, ni heshima, tena heshima kubwa. Wanyonyi aliishika vilivyo. Asubuhi moja alifika kazini na majani ya mahindi yamenasa kwenye spoku za baiskeli, na alama ya matope hadi begani.

"Umeanguka?"

"Sikuanguka, madam. Mama Nekesa alikuwa anakuja sokoni."

Nekesa ni mke wake. Mama Nekesa alikuwa anatoka Myanga na kikapu kichwani, na Wanyonyi, kilo zake zote na baiskeli, alikuwa ameingia kwenye shamba la mtu kwa heshima. Nilimtania wiki nzima. Nilimwambia mama mkwe akienda sokoni mara tatu, wenye mashamba watamfungulia kesi.

Halafu ikaja Jumapili moja, miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Hospitali ilikuwa kimya namna ya Jumapili, nyimbo za kanisani zinasikika kutoka kote. Nekesa alikuwa amekwenda Lugulu kwenye arusi ya binamu yake tangu jana yake. Mimi na Wanyonyi tulikuwa zamu. Karibu na saa nne asubuhi Daktari Mutiso akaingia mwenyewe akisukuma machela. Alikuwa kijana kutoka Ukambani, hajamaliza mwaka kwetu, mwenye haraka ya mwili na utulivu wa akili, mchanganyiko mzuri kwa daktari wa upasuaji. Kwenye machela kulikuwa na mama mtu mzima, uso umekuwa wa rangi ya jivu, dripu inaning'inia. Nyuma yake alikuja binti yake, mjamzito, tumbo limetangulia, analia bila sauti.

"Maumivu tangu jana usiku," daktari aliniambia kando. "Ana historia ya vidonda vya tumbo. Lakini tumbo lenyewe si gumu vile ningetarajia, na huko nyumbani amepewa dawa za kutuliza, sijui ngapi. Moyo wake hauko sawa, madam. Nikimfungua bure, dawa ya usingizi inaweza kumwua. Na kama ametoboka nisimfungue, kesho hayupo. Nionyeshe hewa. Ukinionyesha, nafungua. Nina mama mwingine wa kujifungua mezani sasa hivi, nikimaliza nakuja."

Akaondoka akikimbia. Ndipo nilipoinama nikamtazama vizuri na kumtambua. Alikuwa Mama Nekesa.

Wanyonyi alikuwa anatoka chumba cha giza wakati uleule, aproni ya risasi kifuani, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti ya chini, tayari kumshika mgonjwa. Aliona kilemba. Sijapata kuona mtu mkubwa vile akienda kinyumenyume kwa wepesi ule. Aliinua aproni hadi usoni, akapapasa ukuta kwa kisigino, akaingia gizani na kufunga mlango.

Nilisimama nikaihesabu timu yangu. Mgonjwa anahitaji kukalishwa na kushikwa. Binti yake, Nanjala, alikuwa radhi kumshika, lakini mjamzito haingii kwenye mionzi. Mkwe wake alikuwa na nguvu za kushika hata ng'ombe, lakini haingii kwa mama mkwe. Mmoja kazuiwa na eksirei, mwingine na ukoo. Masista wa Jumapili walikuwa mmoja kwa wodi. Nilijaribu kumkalisha mwenyewe, kichwa chake kikaniangukia begani, mapigo yakapotea mkononi, nikamlaza upesi.

Basi tukarudi kwa Mzee Kibet. Nilimlaza kwa ubavu wa kushoto, mito ya mchanga mbele na nyuma, nikamwambia, "Mayi, usigeuke hata mwili ukikuwasha." Kule kwetu mayi ni mama. Akafumba na kufumbua macho kunikubalia. Nilimtoa Nanjala nje ya mlango, nikamwagiza achemshe chai.

"Chai? Sasa hivi?"

"Chemsha tu. Ikichemka uniite."

Alinitazama kama mtu aliyekabidhiwa mama yake kwa kichaa, lakini alichemsha.

Nikafungua sanduku la filamu kubwa. Ilikuwamo moja. Shehena ilikuwa inangojwa kutoka Kisumu, pamoja na dawa. Nanjala alipoita kwamba chai imechemka, nilipiga picha ile moja, mgonjwa ameshikilia pumzi vizuri kuliko wanakwaya. Kisha nikaichukua kaseti hadi kwenye kijidirisha cha mbao ukutani, kile cha kupitishia filamu kwenda chumba cha giza. Kiko karibu na meza ya mgonjwa, na kinapitisha maneno kama kinavyopitisha kaseti.

"Wanyonyi, pokea. Ndiyo ya mwisho."

Ikaja sauti ya chini sana. "Madam, hii nitaosha na saa."

"Saa ya nini? Si wewe uliniambia jana dawa imekufa? Hii inataka macho."

"Sasa macho yangu itazame wapi? Ndani ya tumbo ya mama ya bibi yangu?"

"Wanyonyi, hiki ni kivuli tu."

"Kivuli ya nani?"

Nilijaribu lingine. "Humo ni giza, bana. Nani atajua umetazama?"

"Mimi nitajua. Na taa nyekundu itajua." Akapumua kwa nguvu. "Ati nguo ya ndani ya mama mkwe hatuoni, sasa mimi nione ini? Ingia wewe uoshe, madam. Nakupisha."

Nilikuwa nimeshafikiria hilo. Nilimwambia ukweli. "Nikiosha mimi itatoka moshi, unajua. Daktari anatafuta hewa nyembamba kama ukucha. Tukiikosa hatamfungua, na kama ipo, mama atakufa. Tukiona vibaya, tukadhani ipo, atafunguliwa bure, na moyo wake hauwezi. Hakuna filamu nyingine. Ni macho yako au ni bahati."

Nilisikia mabomba yakidondosha maji upande wa pili. Nadhani alikuwa amesimama ameishika kaseti kifuani. Mtu anaweza kucheka sasa, hata mimi nacheka, lakini yule mwanamume alikuwa amebanwa kati ya kumvunjia mama yule heshima na kumpoteza, na hakuna aliyemfundisha ni ipi nzito.

Hapo sauti ikatoka mezani, nyuma yangu. Nilidhani amelala. Mama Nekesa hakugeuka, kwa kuwa nilikuwa nimemkataza, aliuambia ukuta.

"Mwambieni huyo mtu atazame," alisema. "Mimi nitafumba macho."

Akafumba. Siyo kidogo, alifumba kwa nguvu kama mtoto anayehesabu katika mchezo wa kujificha, akavuta na kilemba kikafika puani.

Nilirudi kijidirishani. "Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Wanyonyi. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Mwambieni asante. Mwambieni natazama kwa adabu."

Kijidirisha kikafungwa. Nilimsikia akiiongelesha dawa. Pole pole. Leo usiwe na hasira. Pole pole. Niliketi karibu na mama nikamshikia mkono, yeye amefumba macho wakati wote ule, na hakuna aliyekuwa anamwona isipokuwa mimi. Nanjala alikuja mlangoni na kikombe. Nilikunywa kwa sababu mkono ulitaka kitu cha kufanya.

Wanyonyi alipomaliza alikuwa ameifunika filamu kwa taulo. Aliipitisha kijidirishani bila kutia uso. Niliipeleka dirishani ikichuruzika, na Daktari Mutiso akaikuta hapo, mikono yake bado inanuka sabuni ya chumba cha upasuaji. Mbavu zilitoka safi. Ini lilitoka kijivu, laini, kama ziwa. Na kati ya ini na mbavu, palepale Mzee Kibet aliposema, kijimwezi chembamba cheusi. Kingepotea kwenye moshi wangu, hakika. Daktari alikifuata kwa ncha ya kidole bila kugusa.

"Hiyo haina ruhusa," nilisema.

"Haina," alisema, na machela ikaondoka.

Alikuta kitundu kidogo kama punje ya wimbi mahali utumbo unapoanzia, akakishona. Moyo wa mama ulitutisha siku mbili tatu, kisha ukaamua kubaki. Nekesa alirudi kutoka Lugulu na nguo zake za arusi, akakuta mama yake anadai uji.

Wanyonyi hakutulia. Alikwenda kwa wazee wa ukoo kuuliza kama kuona ndani ni kuona. Nilisikia walibishana kwa muda mrefu kuliko upasuaji wenyewe. Mmoja alisema ni kosa kubwa kuliko kuona nje. Mwingine alisema mtu hana uchi ndani, huko sote tumevaa sawa. Mwishowe waliamua Wanyonyi apeleke blanketi, kwa sababu aliyeonekana hufunikwa. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyesimama katikati siku ile, nikaitwa nisimame katikati tena.

Kwa hiyo nilijikuta Myanga, nimekaa kwenye kiti mlangoni kwa Mama Nekesa. Yeye yuko ndani, nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Wanyonyi yuko uani, amegeukia migomba, blanketi mkononi, amechana nywele kama anaposa upya. Mlango ulipitisha maneno kama kijidirisha.

"Muulize huyo mtu," ikasema sauti ya ndani, na sikuhitaji kuuliza. "Siku ile alitazama. Aliona nini?"

Wanyonyi alikohoa. "Mwambieni niliona hewa tu."

Ndani kiti kikasogea.

"Hewa tu? Mimi nimezaa wanane, nimelima hapa tangu niolewe, halafu ndani yangu iko hewa tu?"

Nekesa, aliyesimama kando yangu, alificha uso kwenye leso. Wanyonyi aliangalia migomba kwa bidii, kama filamu iliyo kwenye dawa, anangoja sekunde yake.

"Mwambieni," alisema, "ilikuwa nyembamba. Lakini tangu nianze kuosha, sijaona nzuri kuliko hiyo."

Kicheko kilichotoka ndani kilikatizwa na "uwii, mshono wangu," kisha kikaendelea. Ndipo nikaona mkono wa mama ukitoka kwenye upenyo wa mlango, kiganja juu, na nikajua bila kuchungulia kwamba huko nyuma amefumba macho. Nilichukua blanketi kwa mkwe nikaliweka juu ya kile kiganja.

Nimefanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Mashine ilikuja inayoosha filamu yenyewe, ikamtoa Wanyonyi gizani, kisha zikaja skana, na sasa mnaweza kumkata mgonjwa vipande elfu bila kisu. Ninafurahi nanyi, siwaonei wivu hata kidogo, isipokuwa kwa viatu vikavu. Nawaomba tu mkiletewa tumbo la dharura, kabla ya kusogeza picha kwa kile kidole chenu, badilisheni mwanga hadi kwenye mpangilio wa mapafu, mlitazame tumbo hivyo, kwa sababu hewa nyembamba hujificha kwenye mpangilio wa tumbo na hapo haiwezi. Anzeni juu ya ini. Na mkiwa na mama wa mtu mezani, msiongee karibu na mlango maneno msiyotaka ayasikie. Au pengine muongee.

Uliniuliza tulikuwa tunaona nini, binti yangu. Hewa tu.